Dirisha ni la Upepo, Si la Fahari

Mtu akipita leo katika kata ya Ngokolo, Manispaa ya Shinyanga, hatakosa kuona jambo moja ambalo limeenea kwa haraka katika makazi yetu. Madirisha ya mbao na yale ya vioo vya vipande yanang'olewa, na mahali pake yanawekwa madirisha mapana ya alumini yenye vioo vyeusi au vya kijani, ambayo hufunguliwa kwa kusukuma kioo kimoja nyuma ya kingine. Mafundi huyaita madirisha ya kuslaidi. Hali ni hiyo hiyo Kahama, Geita na Katoro, na hata ndugu zetu wa visiwani, wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome, wanavusha vioo hivyo kwa vivuko na mitumbwi, huku wakimwomba Mungu ziwa litulie visije vikavunjika kabla ya kufika.

Hatuna ugomvi hata kidogo na mwananchi anayetaka nyumba yake ipendeze. Nyumba bora ni haki ya mtu aliyetoa jasho, awe mkulima wa pamba, mvuvi, mchimbaji mdogo au karani. Lakini tumeona ni wajibu wetu kulizungumza jambo hili waziwazi, kwa sababu fedha nyingi za wananchi, na kwa kadiri isiyo ndogo fedha za Serikali, zinatumika kununua madirisha yanayoongeza joto ndani ya nyumba badala ya kulipunguza.

Hebu tufanye hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza. Dirisha la futi 5 kwa futi 4 lina eneo la futi 20 za mraba. Likiwa ni la bawaba, yaani lile la mbawa mbili zinazofunguka nje, likifunguliwa huacha karibu futi zote 20 zipitishe hewa. Likiwa la vioo vya vipande vinavyolazwa kwa mkono wa chuma, hupitisha pungufu kidogo tu ya hapo. Lakini dirisha la kusukuma haliwezi kamwe kufunguka zaidi ya nusu, kwa kuwa kioo kimoja ni lazima kikae mbele au nyuma ya mwenzake. Mwenye nyumba amelipia futi 20 na amepewa upepo wa futi 10. Kwa hiyo anayetaka kulinganisha bei asiulize tu dirisha zima ni shilingi ngapi. Aulize kila futi moja ya upepo inamgharimu shilingi ngapi. Akiuliza hivyo, dirisha lililoonekana rahisi dukani huenda likawa ndilo ghali kuliko yote.

Sisi wenyewe hatusemi haya kwa kusimuliwa. Nyumbani kwetu Ngokolo tulibadili madirisha manne kwa mkupuo mmoja, tukafurahi, na majirani wakatupongeza. Ulipofika mwezi wa Septemba, ambao pamoja na Oktoba ndiyo miezi yetu ya joto kali kabla mvua hazijaanza, tulianza kubeba mikeka na kulala barazani. Chumba cha watoto, ambacho dirisha lake linatazama magharibi, kilikuwa kama tanuri hata baada ya swala ya isha. Mama mwenye nyumba aliuliza swali moja tu, "Hivi haya tumeyanunua ili yatazamwe kutoka barabarani?" Hatukuwa na jibu, na aibu ile ndiyo iliyotufanya tuanze kuuliza mafundi na wahandisi.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni habari ya jua lenyewe. Shinyanga iko chini kidogo ya digrii 4 kusini mwa Ikweta. Kwa sababu hiyo jua la mchana huwa juu sana mwaka mzima, mara likiegemea kaskazini, kama mwezi Juni, na mara likiegemea kusini, kama mwezi Desemba. Upenu wa futi 2 tu ukiwa juu ya dirisha linalotazama kaskazini hutia kivuli karibu futi 4 za ukuta wakati wa jua la adhuhuri mwezi Juni, na upande wa kusini mwezi Desemba hutia kivuli zaidi ya futi 5. (Tunasema jua la adhuhuri kwa makusudi. Kwa saa za ukutani jua letu hufika kileleni kati ya saa 6 na nusu na saa 7, kwa kuwa saa ya Tanzania imepangwa kwa kufuata longitudo iliyo mashariki yetu. Kila anayengoja adhana ya adhuhuri Shinyanga anajua.) Lakini saa 11 jioni, jua likiwa limeinama magharibi, upenu ule ule wa futi 2 hufunika futi 1 tu, na sehemu nyingine yote ya dirisha hupigwa uso kwa uso.

Hapo ndipo kioo kinapoonyesha tabia yake. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha zaidi ya robo tatu ya joto la jua linalokipiga. Dirisha la mita moja na nusu za mraba linalotazama magharibi jioni ya kiangazi huingiza joto linalokaribia lile la pasi ya umeme iliyowashwa. Fikiri, ndugu msomaji, umewasha pasi na kuiacha chumbani mwa watoto kuanzia saa 10 hadi jua linapozama, halafu ukafunga mlango! Pazia zito halisaidii sana, kwa sababu joto limekwisha kupita kioo na limo ndani. Pazia linakuwa kama bawabu anayefunga lango baada ya mwizi kuingia. Kivuli chenye manufaa ni kile kilicho nje ya kioo: upenu, ubao, mkeka wa matete, au mti.

Na vioo vyeusi je? Wauzaji husema vinazuia joto. Ni kweli kwamba hupunguza kiasi, lakini kioo cheusi chenyewe hunywa joto, kikapata moto, na sehemu ya moto huo hurudi chumbani. Tena hufukuza mwanga, na tumeona nyumba ambazo taa zinawaka saa 4 asubuhi katika nchi ambayo Mwenyezi Mungu ameijalia mwanga bila malipo. Wapo pia siku hizi wanaotangaza madirisha ya vioo viwili vilivyopachikwa pamoja, vyenye hewa katikati. Hayo yana maana kubwa katika nchi za baridi, au katika ofisi inayofungwa kutwa na kupozwa kwa kiyoyozi. Kwa mtu wa Ngokolo ambaye dirisha lake linapaswa kuwa wazi usiku kucha, kulipa bei ya vioo viwili ili vyote viwili viachwe wazi ni israfu, na hatuoni jina jingine la kuiita.

Mwaka 1977, mwaka ule ule ambao Chama Cha Mapinduzi kilizaliwa, Mwalimu Nyerere alitoa tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha. Miongoni mwa mambo aliyoyalaumu bila kuficha ni kasumba ya wananchi kuamini kwamba nyumba si nyumba mpaka iwe ya saruji na bati, hata pale ambapo matofali ya kuchoma na vigae vingeweza kutengenezwa kwa udongo wa kijijini. Wengi walimsikia, wachache walimfuata. Bati likashinda. Leo bati hilo hilo, likiwa halina dari chini yake, ndilo linaloleta joto zaidi ya dirisha lolote, kwa kuwa hapa karibu na Ikweta paa ndilo linalopigwa na jua kutwa. Basi, kabla mwananchi hajatoa fedha zake kununua madirisha mapya, tunamshauri atazame juu. Kama hana dari, aweke dari kwanza, na aache matundu ya kutolea hewa ya moto chini ya bati. Huenda akagundua kwamba madirisha yake ya zamani hayakuwa na kosa.

Tukija kwenye umeme, hesabu inauma zaidi. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, kabla ya kodi, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alipangiwa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa kawaida shilingi 292. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 10 kila usiku hula uniti 18 kwa mwezi, yaani shilingi 1,800 kwa mteja mdogo. Kiyoyozi kidogo cha wati 1,000, hata kama mashine yake itafanya kazi nusu tu ya saa hizo 10, hula uniti 150. Hapo mwenye nyumba amekwisha kutoka katika kundi la wateja wadogo, na kwa shilingi 292 anatakiwa kulipa shilingi 43,800. Dirisha lisilopitisha upepo ndilo linalomsukuma mtu kununua kiyoyozi, na kiyoyozi ndicho kinachomlazimisha alifunge dirisha lile moja kwa moja. Mtego huo hautegwi kwa siku moja, na ndiyo maana wengi hawauoni.

Wengine watatujibu kwamba usiku hawafungui madirisha kwa hofu ya wezi na ya mbu. Hofu hizo ni za kweli, na wala hatuzibezi. Ila dawa ya mwizi si kioo, maana kioo huvunjwa kwa jiwe moja. Dawa yake ni grili ya nondo iliyochomelewa vizuri na kushikwa ndani ya ukuta. Mwenye grili imara anaweza kulala dirisha likiwa wazi. Na hilo ni muhimu kwa Shinyanga kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa wakati wa kiangazi usiku wetu hupoa sana ukilinganisha na mchana. Hewa ya alfajiri ikiachwa ipite, huzipoza kuta, na kuta hizo hukaa na ubaridi wake hadi mchana. Kisha ifikapo saa 5 asubuhi mwenye busara hufunga upande unaopigwa na jua. Bibi zetu waliokaa katika nyumba za udongo zenye vidirisha vidogo walilijua hilo bila kufundishwa na mhandisi.

Kuhusu mbu tutakaa kidogo zaidi, kwa kuwa hapa pana maisha ya watoto. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Geita watoto 17 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikutwa na vimelea vya malaria, wakati wastani wa nchi ulikuwa 7. Ule wa mwaka 2022 uliikuta Shinyanga kwenye 16, wakati wastani wa nchi ulikuwa 8. Mbu wa malaria huingia usiku, na huingia kwa njia zilezile zinazoingiza hewa. Katika nchi ya Gambia, karibu na mji wa Farafenni, watafiti waliziwekea nyumba wavu milangoni na madirishani na kuziba mianya iliyo kati ya ukuta na paa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009. Katika nyumba zisizo na wavu, watoto wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 30. Katika nyumba zenye wavu walikuwa asilimia 19. Hapa kwetu, mkoani Mtwara, zilijengwa nyumba 110 za majaribio za ghorofa moja juu, ambazo sehemu kubwa ya kuta zake ni wavu unaopitisha upepo, na vyumba vya kulala viko juu.

Sasa, wavu una gharama yake ambayo haisemwi: hupunguza upepo. Dirisha lenye wavu linahitaji kuwa kubwa zaidi, au kuwa na mwenzake upande wa pili wa chumba, ili hewa ipite badala ya kusimama. Anayeweka wavu katika dirisha la kusukuma amepunguza upepo mara mbili, kwanza kwa kioo, pili kwa wavu. Hiyo ndiyo sababu watu wengi hukichukia chandarua na kukitupa pembeni wakisema kinawaziba pumzi. Kinachowaziba ni dirisha.

Kwa ndugu zetu wa visiwani mambo hayako sawasawa na Ngokolo, na hatupendi wasome makala haya kama amri ya bara. Kwao joto la mchana na la usiku halipishani sana, kwa sababu ziwa hulainisha yote mawili. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka. Kwao faida iko katika kuufungulia upepo njia mbili, upande wa ziwa na upande wa nyuma, na kuacha matundu juu ya milango ya ndani. Wavu wao hauna budi kuwa wa matundu madogo, kwani mbali na mbu wanajua wenyewe yale mawingu ya wadudu wa ziwani yanayoweza kujaza nyumba jioni moja. Tena mvua zao za alfajiri huja kwa kishindo, kwa hiyo dirisha lifaalo ni lile la kivuli kipana linaloweza kubaki wazi mvua ikinyesha. Wenzetu wa Unguja walilitatua tatizo kama hilo zamani. Katika Mji Mkongwe, ambao mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, yapo madirisha marefu ya mbao yenye vibao vilivyolazwa, yanayokataa jua na mvua huku yakiruhusu upepo na faragha ya waliomo ndani.

Swali la mwisho la mwananchi ni la vifaa. Mbao za mninga au mkongo zilizokaushwa vizuri na kupakwa dawa ya mchwa hudumu miaka mingi, lakini sisi watu wa Shinyanga tuna deni na misitu. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliongoza ufyekaji mkubwa wa miti yetu ili kuwafukuza mbung'o, nasi baadaye tukaendeleza shoka kwa ajili ya kuni na mashamba, mpaka ikabidi mwaka 1986 uanzishwe mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga na kufufuliwa kwa ngitili. Kwa hiyo anayenunua mbao azinunue zenye kibali. Chuma kilichochomelewa na vijana wetu wenyewe ni rahisi, hutengenezwa kwa kipimo chochote, na fedha hubaki hapa mjini. Kinataka rangi ya kuzuia kutu, na visiwani rangi hiyo irudiwe mara kwa mara. Alumini nayo haina kutu wala mchwa, na hatuilaani. Anayeipenda amwambie fundi amtengenezee ya bawaba badala ya ya kusukuma. Vioo vya vipande vina kasoro ya kupitisha vumbi na kung'olewa kwa urahisi, lakini vikiwa na grili na wavu hakuna kinachovishinda kwa upepo.

Tena si lazima kubadili yote. Mwenye fedha kidogo na aanze na dirisha moja, la chumba cha kulala kinachotazama magharibi, na aliache tundu la zamani kama lilivyo, kwa maana kuvunja ukuta na kupiga lipu upya mara nyingi humeza fedha kuliko dirisha lenyewe. Mwingine atakuta kwamba fremu yake ingali nzima na anahitaji wavu mpya, bawaba mbili na kibanda cha kivuli nje. Wapangaji wa vyumba vya mstari, ambao Ngokolo ni wengi, hawawezi kubadili ukuta wa mwenye nyumba. Lakini mwenye nyumba anaweza kutoboa tundu juu ya mlango wa kila chumba na kuweka matofali ya matundu, kazi ya fundi mmoja kwa siku chache. Tungependa wenye nyumba walifanye hilo kabla ya kupandisha kodi, si baada.

Kwa viongozi na watendaji wa halmashauri tuna neno mahsusi. Katika mwaka wa fedha 2021/2022 Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchini kwa mkopo uliotokana na maradhi ya UVIKO-19. Katika kazi ya ukubwa huo, kosa la futi 10 za upepo kwa dirisha moja huwa kosa la maelfu kwa maelfu ya futi, na watoto hukaa humo miaka 30. Tunawaomba wahandisi wa halmashauri za Shinyanga, Kahama, Geita, Buchosa na Ukerewe wazitazame upya orodha za vifaa wanazozipitisha kwa madarasa, zahanati na nyumba za walimu, na mahali palipoandikwa dirisha la kusukuma waeleze kwa maandishi kwa nini si la bawaba. Ramani moja isitumike kwa kila kiwanja bila kugeuzwa. Fundi asiruhusiwe kuchimba msingi kabla hajaonyeshwa kaskazini iko wapi. Vyuo vya VETA na ofisi za SIDO mikoani zipewe zabuni ndogo ya kutengeneza dirisha la mfano la chuma, lenye wavu na grili, liwekwe hadharani na bei yake iandikwe ubavuni, ili mwananchi aje alifungue kwa mkono wake mwenyewe.

Nasi tumekwisha kuanza. Dirisha la magharibi la watoto limerudishwa la bawaba, likawekewa wavu na ubao wa kivuli nje, na mikeka imerudi ndani. Bado matatu. La sebuleni, linalotazama barabara, mama mwenye nyumba amesema tusiliache hata hilo kwa ajili ya wapita njia, na fundi ameahidi kulifikia kabla ya mwezi wa Septemba.